Linavuta Babati, Linakata Chalinze

Barabara ya Babati kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Kondoa na Dodoma ni ya kushuka. Haishuki kwa mkupuo mmoja, maana kuna milima ya Bereku ya kupanda na miinuko ya Gairo ya kuhangaika nayo, ila mwisho wa hesabu unatoka mahali palipo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na kuishia ufukweni. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe mwaka 2018, wenye magari ya tabo wanaipenda sana barabara hii. Nayo ndiyo iliyoniletea lalamiko ambalo mafundi wengi wanalipuuza.

"Shikamoo mzee. Gari langu linavuta vizuri sana hapa Babati, lakini nikishaivuka Morogoro linakata mafuta. Nikirudi nyumbani limepona."

Mimi ni fundi umeme wa magari. Watu wakisikia fundi umeme wanafikiria taa, honi na betri, lakini magari tunayoendesha siku hizi yanaongozwa na kompyuta, ile tunayoiita kontrol boksi, na kila inachoamua kompyuta kinapita kwenye nyaya. Kwa hiyo gari likikata mafuta wakati pampu ni nzima na tangi limejaa, mwenye gari hujikuta mlangoni kwangu. Ugonjwa unaokuja na kuondoka kwa kufuata ramani unanivutia kuliko ugonjwa mwingine wowote. Gari halisomi vibao vya barabarani. Halijui kwamba limefika Chalinze. Kama linaumwa kule na kupona huku, basi kuna kitu kinachobadilika njiani, na mara nyingi kitu hicho ni hewa yenyewe.

Hewa ina uzito. Pale Kivukoni, Dar, inakandamiza kila kitu kwa presha ya kilopaskali 101 hivi. Hapa Babati ni kama 86. Katika miinuko yetu hii, kila ukipanda mita 100 presha inapungua kwa kilopaskali 1 na kidogo. Ndiyo maana gari lisilo na tabo likitoka pwani kuja kwetu linaonekana limechoka, na likianza kupanda kutoka Dareda kwenda Bashnet linachoka zaidi. Kila silinda inavuta hewa pungufu, na kompyuta inapima petroli kwa kufuata hewa iliyoingia. Hewa kidogo, petroli kidogo, nguvu kidogo.

Tabo inamaliza shida hiyo. Mswisi Alfred Büchi aliisajili hataza yake mwaka 1905, lakini aliyeonyesha maana yake kwa watu wa nyanda za juu ni mhandisi wa Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric. Mwaka 1918 aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200. Injini ile ikiwa chini ilikuwa ya nguvu farasi 350. Kule kileleni bila tabo ilitoa 230 tu. Alipoifungia tabo ikatoa 356. Mtu yeyote aliyewahi kupanda Dareda nyuma ya Fuso lenye mzigo ataelewa kwa nini tarakimu hizo zinanisisimua mpaka leo.

Kinachofanyika ndani ni hiki. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, feni hiyo imeungwa kwa shafti na feni ya pili, na hiyo ya pili inasukuma hewa safi kuingia kwenye silinda kwa nguvu. Presha hiyo ya ziada ndiyo vijana wanaiita busti. Ili isipite kiasi, ubavuni mwa tabo kuna kilango kinachoitwa westigeti. Kikifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni bila kuzungusha feni. Kilango kinavutwa na kikopo chenye springi ndani, na kikopo kinapata habari kupitia mpira mwembamba unaotoka upande wa hewa iliyosukumwa. Busti ikiishinda springi, kilango kinafunguka, mambo yanatulia.

Anayetaka kuongeza busti anakidanganya kikopo hicho. Anaukata ule mpira mwembamba, anaingiza kivalvu cha kuvujisha hewa kidogo, basi kikopo kinaletewa presha pungufu na kilango kinachelewa kufunguka. Kivalvu chenyewe ni cha bei ndogo, na kukifunga hakuhitaji hata jeki. Urahisi huo ndio ulioleta msururu wa magari kwangu, kwa sababu anayekaza kile kijiskrubu haongezi petroli, habadilishi plagi, wala haiambii kompyuta kwamba mambo yamebadilika.

Kompyuta lakini inaona. Kuna sensa ya presha kwenye njia ya hewa inayoingia kwenye injini, na ndani ya programu ya kompyuta kiwandani waliandika kikomo. Presha ikivuka pale, kompyuta inaacha kuziamrisha nozeli zifunguke. Petroli inakatika yote, papo hapo, kwenye silinda zote. Dereva anahisi gari limeng'ang'aniwa kwa nyuma, abiria wanainama mbele, na ukiachia mafuta tu kila kitu kinarudi. Wengi wakipatwa na hali hiyo mara ya kwanza wanadhani injini imekufa.

Kwa nini kiwanda kiwe kikali hivyo? Kwa sababu hewa ikizidi petroli ndani ya silinda, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ukiwa na bahati utasikia, hasa ukiwa kwenye mlima na dirisha liko wazi: sauti kama changarawe zinazotikiswa ndani ya debe. Juu ya meza yangu ya kazi kuna pistoni ambayo humwekea mkononi kila kijana anayekuja kuongezewa busti. Ukingo wake wa juu upande mmoja umemomonyoka na kuacha shimo lenye mdomo wa mviringo, aluminiamu imetiririka na kugandia ubavuni, na kuta ndogo zinazoshikilia ringi zimevunjika vipande viwili. Ukipitisha kidole pale unahisi vichembe vikali. Ringi ya juu haikutoka hata nilipoigonga. Gari lililotoka pistoni ile halikukatiwa mafuta, kwa sababu mtu alikuwa ameizuia kompyuta isikate. Nitafika huko.

Nirudi kwa mwenye lalamiko. Lilikuwa Toyota Caldina ya tabo yenye injini ya 3S-GTE. Kabla hajafika kwangu alikuwa ameshabadilishiwa pampu ya petroli, plagi na filta, na nozeli zikaoshwa. Hela imeteketea na ugonjwa uko palepale. Simlaumu fundi yeyote aliyeligusa, kwa maana kila mmoja alilipima hapa Babati, na hapa Babati gari lilikuwa zima.

Nilimuuliza maswali ambayo humuuliza kila mtu. Linakata ukiwa gia ya ngapi? Ya tatu na ya nne, mzee, nikikanyaga mafuta yote. Ukikanyaga nusu? Halikati. Linakohoa kwanza au linakata mara moja? Mara moja. Geji ya busti inasoma ngapi wakati huo? Hapo akasita, maana dereva anayekanyaga mafuta yote macho yake yako barabarani, na ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia safari ijayo amkalishe ndugu yake kiti cha kushoto na simu, arekodi geji kwa video, na sauti yake itaje wako wapi.

Ile video ilinitosha. Kuanzia Kondoa hadi Dodoma mshale ulikuwa unapanda mpaka bar 1.25 na kukaa. Karibu na Morogoro ulipanda hadi hapohapo, gari likasita kidogo kisha likaendelea. Chalinze ulipanda mpaka 1.25 ukaanguka ghafla, na sauti ya ndugu yake ikasikika: "Limekata tena hilo."

Tarakimu ni ileile kila mahali, lakini matokeo ni tofauti. Jibu liko kwenye namna vifaa viwili vinavyohesabu. Geji ya busti inaanza sifuri yake kwenye hewa ya pale ulipo, kwa hiyo bar 1.25 maana yake ni kilopaskali 125 juu ya hewa inayokuzunguka. Springi ya westigeti nayo iko hivyo, kwa sababu upande wake mmoja unaguswa na hewa ya nje. Ndiyo sababu mshale haukubadilika. Sensa ya kompyuta haifuati hewa ya nje, inaanza sifuri yake kwenye utupu mtupu. Inasoma hewa ya mahali ulipo pamoja na busti kwa mpigo.

Sasa jumlisha. Babati: 86 na 125, unapata 211. Dodoma, ambako hewa ni kama 89, unapata 214. Morogoro mjini ni kama mita 500 tu juu ya bahari, hewa ni 95 au 96, jumla 220 na kitu. Chalinze inakaribia 99, jumla 224. Dar yenyewe 226. Chora mstari kwenye 220 na utaona gari zima likiwa upande wa milimani na gonjwa upande wa pwani. Kikomo cha kompyuta yake kilikuwa hapo hapo, karibu na Morogoro, na yeye alikuwa anakivuka kila akiteremka.

Niliirudisha busti hadi 1.1, nikamwambia aende Dar akafanye shughuli zake. Kwa 1.1 jumla ya pwani ni 211, ileile aliyokuwa anaipata Babati bila shida. Akanipigia akiwa Kibaha. Halikukata popote.

Naeleza kwa urefu kwa sababu hesabu hii haijulikani sana hata kwa mafundi wazuri, na kwetu sisi tunaoishi juu inatudanganya kwa upande wa hatari. Mtu anaongeza busti hapa, analijaribu barabara ya Singida, linavuta, anaridhika. Hajui kwamba mwinuko wa Babati umemfichia kikomo, na kwamba akiteremka atasukuma hewa nyingi zaidi kwenye injini hiyohiyo kwa skrubu ileile, tena kwenye joto la pwani. Aliyefungia Dar akaja huku hapati shida hii.

Tahadhari moja: usiichukue hesabu yangu ukaibandika kwenye kila gari. Subaru kadhaa za tabo za miaka ya tisini, zikiwemo zilizojaa mjini kwetu, zina kivalvu kinachoiachia sensa ya presha ionje hewa ya nje kwa muda kisha irudi kazini. Kompyuta yake inajua iko mlimani au pwani, na kikomo chake kinaweza kusogea. Hata ndani ya Toyota vizazi vinatofautiana. Zile 3S-GTE za mwanzoni mwa miaka ya tisini zilizokuwa kwenye Celica na MR2 hukata mapema sana, kwenye psi 12 hivi ukiwa usawa wa bahari, ambayo haifiki hata bar 0.85. Anayenunua gari la namna hiyo na kukaza skrubu mara moja tu ameshafika.

Kabla ya hesabu zote hizo, lazima ujue kama kweli ni kompyuta inayokata, kwa sababu kuna magonjwa manne au matano yanayovaa sura hiyohiyo. Hapa ndipo hela za watu zinapopotea.

Linalochanganya zaidi ni cheche kuzimika. Kadiri hewa inavyobanwa ndani ya silinda ndivyo umeme unavyopata tabu kuruka kwenye mwanya wa plagi. Koili iliyokuwa inatosha kwenye busti ya kiwandani inashindwa ukiongeza. Lakini namna yake ya kukata ni nyingine: gari linatetemeka, linakohoa, linapiga tap-tap-tap, na mara kwa mara linapasua kwenye ekzosi kwa sababu petroli iliyokosa moto ndani inakwenda kuwakia nje. Silinda moja inakosa, nyingine inashika. Kompyuta ikikata mafuta hakuna kupasua, kwa maana hakuna petroli ya kuwaka, na silinda zote zinanyamaza pamoja. Dawa ya cheche ni rahisi: chomoa plagi, pima mwanya kwa filagheji. Kwenye injini nyingi za tabo mwanya ni milimita 0.7 au 0.8. Nimeshakuta plagi za gari lisilo na tabo zenye mwanya wa 1.1 kwenye gari la tabo, zimefungwa kwa sababu uzi ulilingana. Ukipunguza mwanya kidogo na ugonjwa ukaondoka, umemaliza, usiguse kitu kingine.

Pampu iliyochoka inakata kwa upole. Gari linaanza kuvuta, halafu linalegea lenyewe taratibu kadiri mlima unavyorefuka, na tangi likiwa robo linazidi. Hilo usilipime kwa kusikiliza. Funga geji ya presha kwenye njia ya petroli, ipitishe juu ya boneti na uibandike kwa gundi ya karatasi kwenye kioo cha mbele, kisha mtu mwingine aendeshe. Kwenye gari la tabo lenye regyuleta inayosoma busti, presha ya petroli lazima ipande sawasawa nayo: busti ikipanda kwa bar 1, petroli nayo ipande kwa bar 1. Ikibaki palepale au ikishuka wakati busti inapanda, simamisha gari hapohapo. Huo si wakati wa kumaliza jaribio, pistoni haingoji. Kwa watu wa vijijini wanaoongeza petroli ya madumu, anza na filta. Niliwahi kuikata moja ikamwaga maji ya rangi ya chai.

Mpira wa interkula ukichomoka au ukipasuka, busti haifiki hata kiwango chake, na utasikia pumzi kubwa inayovuja. Geji itakuambia, kwa sababu mshale hautafika ulikozoea. Anayekatiwa mafuta kwa kuzidisha busti mshale wake unafika, tena unapitiliza, ndipo unaanguka. Na kama gari linakata kwenye mzunguko uleule wa injini bila kujali unapanda au unashuka, hata gia ikiwa huru, huo ni ukomo wa mizunguko na kila gari la kompyuta linao.

Kwa hiyo unatafuta alama tatu kwa pamoja: kukata kwa ghafla bila kukohoa, kukata kwenye busti ileile kila mara ukiwa mahali palepale, na kurudi mara tu unapoachia mafuta. Kompyuta nayo inaweza kukiri yenyewe. Kwenye zile Toyota za zamani za 3S-GTE huhitaji mashine ya kupimia. Fungua kile kisanduku cheusi cha vipimo chini ya boneti, unganisha kwa waya tundu la TE1 na la E1, washa swichi bila kupiga stata, halafu hesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mara tatu, kituo, mara nne: hiyo ni 34, kompyuta inasema presha ya tabo ilipita kiasi. Kwenye magari mapya ukichomeka mashine namba ya kuzidi busti ni P0234. Siwezi kuhesabu magari ambayo namba hiyo ilikuwa imeandikwa ndani muda wote huku mwenyewe ananunua pampu ya pili.

Kuna kundi jingine linalonisikitisha, la wale ambao hawajakaza skrubu yoyote lakini gari linakata. Kwao nauliza jambo moja: masega yapo? Biashara ya kutoa masega kwenye ekzosi imeshamiri, watu wanayauza kwa madini yaliyomo na kuweka bomba tupu. Kwenye gari la tabo bomba tupu linapunguza kizuizi nyuma ya feni, feni inazunguka kwa kasi zaidi, na kilango cha westigeti cha kiwandani, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya ekzosi yenye masega, kinakuwa kidogo mno. Kimefunguka chote na bado moshi unaopita pembeni hautoshi. Busti inapanda yenyewe pole pole kadiri mizunguko inavyopanda, hadi kompyuta inakata. Mwenye gari anaapa hajagusa kitu, na anasema kweli. Hapo kuna mambo mawili: kurudisha kizuizi kwenye ekzosi, au kuifungua tabo na kulipanua tundu la kilango, kazi inayotaka mkono wa fundi mwenye uzoefu.

Na kabla ya hayo, angalia ule mpira mwembamba wa kikopo. Vumbi letu na joto la tabo vinaukausha mpaka unapasuka kwenye mdomo wake, palepale unapovaa kwenye kikopo. Ukipasuka, kikopo hakipati habari, kilango hakifunguki kabisa, na busti inapanda bila mwenyewe. Mpira huo ni wa bei ya soda. Ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha wote.

Sasa nifike kwenye kile nilichoahidi, kidude cha kuizuia kompyuta isikate mafuta. Kinafungwa kwenye waya unaotoka kwenye sensa ya presha kwenda kwenye kompyuta. Sensa inazungumza kwa volti, kutoka karibu na sifuri hadi 5, na kidude kinahakikisha volti zikifika karibu na kikomo hazipandi tena. Kompyuta inabaki inaamini kwamba presha imetulia, haikati, na dereva anafurahi. Ubaya ni kwamba kwenye injini nyingi volti hizohizo ndizo kompyuta inazitumia kupima petroli. Umeifumba macho juu ya hewa iliyozidi, kwa hiyo inatoa petroli ya hewa ile ya chini, na tofauti hiyo yote inageuka joto. Pistoni iliyo mezani kwangu inatoka kwenye gari lililofungwa kidude hicho, likavuta kwa raha mpaka siku lilipoteremka kwenda pwani. Mimi sikifungi. Nimewarudisha watu wenye hela mkononi, wengine wakaondoka wamenuna, na nitaendelea kuwarudisha.

Nasisitiza hivyo pia kwa sababu ya petroli yenyewe. Magari mengi haya ya tabo yalitengenezwa yatumie petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kanuni yao oktani yake haishuki chini ya 96. Oktani ndiyo uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka mapema. Hapa Babati pampu imeandikwa petroli tu, huchagui daraja. Gari linaweza kuwa linaishi karibu na ukingo hata kabla ya kuongezwa chochote.

Anayetaka nguvu kweli njia ipo, nami nampa moyo. Injini ya 3S-GTE, ikiwa kwenye Celica, ndiyo iliyompa Mkenya Ian Duncan ushindi wa Safari Rally mwaka 1994, kwenye mawe na vumbi linalofanana na letu. Timu za namna ile zinapoongeza hewa zinaongeza kila kitu kinachoifuata: nozeli kubwa, pampu ya kulisha nozeli hizo, cheche kali, interkula inayopooza hewa, na programu mpya ya kompyuta iliyoandikwa kwa vipimo vya gari lile lile, ikiwa na kikomo chake kipya. Kikomo kinasogezwa mwishoni, baada ya kupima petroli inatosha. Kazi hiyo inafanyika Arusha, Dar na Nairobi kwa watu wenye vifaa, na inagharimu. Asiyeziweza gharama hizo abaki na busti ya kiwandani, ambayo kwa gari la tabo mlimani ni raha ya kutosha.

Wenye Land Cruiser na Canter za dizeli wasiogope wakisoma haya. Dizeli haina cheche, na hewa ikizidi mafuta haileti balaa la namna hii. Kwao hatari iko upande wa pili, mafuta yakizidi hewa, na moshi mweusi unawaambia mapema.

Mwenye Caldina alirudi. Aliniuliza swali nililolitarajia: "Mzee, si ungeniachia 1.25 nikiwa hapa, nikitaka kwenda Dar napunguza mwenyewe?" Kwa hesabu ya sensa angeweza. Nikamwonyesha pistoni, nikamwambia kwamba hata Magugu tu, mwendo mfupi kutoka hapa, ameshashuka mita mia kadhaa na joto limepanda, na usiku akiitwa msibani Morogoro hatakumbuka bisibisi. Akakubali 1.1 ibaki. Tulilijaribu mara ya mwisho asubuhi mapema kwenye ule mlima wa Dareda, gia ya tatu, barabara ikiwa tupu, kabla bodaboda hazijaanza kushusha maziwa. Mlima mrefu unaipa injini mzigo bila kukulazimisha ukimbie sana, na ndiko ninakopima magari yote ya tabo.

Kisha nikaikaza nati ya kivalvu na kupaka rangi nyekundu juu ya uzi wake, mstari mmoja unaoanzia kwenye nati hadi kwenye mwili wa kivalvu. Nati ikizungushwa hata robo, mstari unakatika na nitajua kuna mkono umepita. Rangi yenyewe ni ile ya kucha, haiyeyuki kwa joto la boneti, na inapatikana duka lolote la vipodozi pale sokoni.